Mtoto Ametulia

Walipoanza kumsifu Salome nilikuwa nimeshika sahani ya ugali na maharage, nimebanwa katikati ya wanawake wawili nisiowajua, kwenye mkeka uliotandikwa nyuma ya nyumba ya kaka yake kule Isansa. Mwenye kipaza sauti alisema marehemu alikuwa muuguzi wa kweli, na kwamba hakuna mtoto aliyepotea mikononi mwake. Mama aliyekaa kulia kwangu akaitikia, “Kweli kabisa,” nami nikaitikia vilevile, maana msibani mtu haitikii anachotaka. Nilikuwa nimetoka Ileje alfajiri bila kutia kitu tumboni, na maharage yalikuwa yameungwa vizuri, lakini kila tonge nililomega nililirudisha sahanini. Nilikuja kumzika mtu aliyenifundisha kazi yangu. Mtu huyohuyo ndiye aliyeniuza. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mvi zimeshaanza kuniota na nimechoka kumeza. Watu wengi wa Tunduma wanaijua hadithi ya mtoto wa Zuhura na sista mjinga aliyemfunga vibaya. Sista mjinga ndiye mimi, na hadithi yenyewe sivyo ilivyokuwa.

Mwaka ninaousema, Tunduma ilikuwa bado mkoa wa Mbeya, na Songwe kwetu lilikuwa jina la mto, si la mkoa. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi nasubiri ajira ya serikali, na huku nikisubiri nilijitolea kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi, kando ya barabara kuu ambako malori hupanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kituo hicho kilishafungwa zamani, jengo lake sasa wanauza matairi, na jina lake nitaliacha huko huko. Nilipanga chumba katika nyumba aliyopanga Salome, muuguzi mkuu wetu, ambaye alikaa vyumba viwili na wanawe watatu. Mumewe alikuwa amevuka kwenda Zambia kutafuta maisha na hajarudi kusema kama aliyapata. Chumba changu kilitosha kitanda, ndoo ya maji na jiko la mchina. Nyumba haikuwa na dari, na kuta za ndani ziliishia chini ya bati, zikaacha nafasi ambayo paka alipita bila kuinama. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Nilimjua Salome kwa kupitia ukuta huo kabla sijamjua kwa uso. Nilimsikia akiwagombeza wanawe kwa Kinyiha na kusali kwa Kiswahili, na kila jioni nilimsikia akiniita kutoka upande wa pili, “Tusekile, umekula?” Nikisema ndiyo, aliuliza nimekula nini. Nikinyamaza, alisema neno moja tu, “Njoo,” na mimi nikaenda. Nimekula kwa mwanamke yule majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, dagaa, kande, na siku za mwisho wa mwezi hata kuku. Aliniita mdogo wangu mbele ya watu, nami nikaamini kwamba ndivyo nilivyo.

Kazini alikuwa mkali. Chuoni walitufundisha vitu vingi kuhusu kutokwa damu, vyote kwa mtu mzima. Salome ndiye aliyenifundisha kwa mtoto mchanga. Siku moja mezani alinyanyua chupa tupu ya soda akaniuliza ni nini. Nikasema ni chupa ya soda. “Damu yote ya mtoto mchanga haijai humu,” alisema. “Mtu mzima akimwaga kikombe anaomba maji ya kunywa. Huyu akimwaga kikombe hicho hicho tunamwita shehe au mchungaji.” Halafu akaendelea kula, akiwa amenitia hofu ambayo haijanitoka hadi leo. Alisema usitazame kidonda, mtazame mtoto, kwa sababu kidonda kinaweza kuonekana safi na damu ikawa inakwenda mahali pengine. Alisema sisi weusi hatupauki mtu akaona kutoka mlangoni, kwa hiyo geuza unyayo, vuta kope la chini, tazama ulimi. Bonyeza kifua kwa kidole, achia, halafu tazama rangi inavyorudi, kama inarudi haraka au inajivuta. Pitisha mkono kutoka pajani kwenda chini usikie joto linaishia wapi. Sikiliza moyo wakati amelala, na kama unakimbia, jiulize mtu aliyelala anakimbia kwenda wapi. “Na presha usiisubiri,” alisema. “Kwa mtoto presha inakaa palepale mpaka mwisho, halafu inaanguka yote kwa mkupuo. Ukiisubiri umeshachelewa.”

Kulikuwa na neno moja alilolichukia kuliko matusi. Mama yeyote ambaye mtoto wake amepasuliwa hulia naye mpaka mtoto anyamaze, na akinyamaza husema, ametulia. Wauguzi nao hupita mlangoni, wanauliza, wanajibiwa ametulia, wanashukuru na kwenda zao. Salome alikuwa akisikia hivyo anageuka. “Ametulia kwa kushiba au ametulia kwa kuishiwa? Muamshe tumuulize.” Na alimwamsha kweli, kwa kumfinya unyayo, na mama angekasirika, na mtoto angelia kwa hasira, na hapo Salome alicheka akasema huyu mzima, mpe ziwa. Anayelia alimwacha. Aliyekuwa mpole ndiye aliyemsumbua. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno, hata nikawa nami siwezi kusikia neno hilo bila mwili kushtuka. Leo wajukuu wa jirani zangu wakilala mchana najikuta nawagusa miguu.

Kituo chetu kilikuwa na tohara nyingi, kwa sababu Waislamu wa Tunduma, wafanyabiashara na watu wa malori, walipenda kuwatahiri watoto wakiwa bado wachanga. Salome hakukubali kuiita tohara. “Ni operesheni,” alisema, “hata kama nje wanapika pilau.” Na kwa operesheni hiyo aliweka sheria yake mwenyewe, kwamba mtoto anavalishwa nepi nyeupe ya kitambaa mpaka aondoke, basi. Nyeupe inaonyesha. Tatizo mwaka ule pampas zilikuwa zimeanza kumiminika kutoka Nakonde, na mama mwenye uwezo aliona kumrudisha mtoto kwenye kitambaa ni kumshusha hadhi. Salome alizichukia. Alinunua moja sokoni kwa Mzambia, akamwambia natotela, asante ya kwao, akaja nayo kazini akaimwagia kikombe kizima cha chai ya rangi mbele yetu. Kisha akatuambia tuiguse. Juu ilikuwa karibu kavu, na doa lililobaki lilikuwa dogo. “Kikombe chote kiko humu,” alisema. “Sasa niambieni ingekuwa damu mngeionaje. Mtasema mtoto amekojoa.” Akaipasua kwa mikono, ndani ikatoka chai imeganda kama uji. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na ningekuwa na akili ningejiuliza mtu anayejua jambo kiasi hicho siku akilivunja atakuwa na kisingizio gani.

Zuhura tulikuwa tunalingana umri. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mke wa wakala wa malori, mcheshi, mtu ambaye akiingia mahali watu wanasogea kumpa nafasi. Alikuja asubuhi na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, hajafikisha arobaini, na alikuja bila kumuaga mama mkwe. Mumewe alikuwa safarini Lubumbashi, na mama mkwe alishasema tohara ingoje baba arudi. Zuhura alitaka arobaini imkute mtoto ameshapona. Nilikuwa nimesimama na trei ya vifaa mlangoni wakati Salome anampa nepi nyeupe, nikamsikia Zuhura akimbembeleza. “Dada Salome, huyu hajawahi kuvaa kitambaa tangu azaliwe. Atachubuka, jamani.” Salome akatikisa kichwa. Zuhura akamshika mkono, akamtania, akamwita shemeji, akamwambia mbona leo amenuna. Na Salome akacheka. “Haya, leo tu,” alisema. “Kwa sababu ni wewe.” Sikuamini masikio yangu, lakini mimi ni nani nimsahihishe aliyeitunga sheria. Dokta, ndivyo tulivyomwita mwenye kituo, alifanya kazi yake vizuri, akanawa, akapanda gari kwenda Mbeya. Baadaye bandeji ilichomoka. Salome ndiye aliyeifunga upya, akaikaza, akamvika pampas akaondoka kwenda leba kumpokea mzazi. Mimi nilikuwa chumba cha pili namsafisha utingo wa lori aliyeungua mkono kwa maji ya rejeta, na mlango ulikuwa wazi.

Mchana nilipita wodini. Zuhura alikuwa amekaa kitandani anakula chapati, mtoto kando yake amefunikwa mablanketi mawili, kofia na soksi. Nikamwuliza anaendeleaje. “Alilia sana, sista, sasa ametulia, alhamdulillahi.” Nakumbuka niliweka chini kile nilichokuwa nacho mkononi. Nilivua soksi moja. Mguu ulikuwa wa baridi hadi juu ya goti, ndani ya mablanketi mawili. Nikageuza unyayo, umepauka. Nikavuta kope, ndani hakuna wekundu. Nikamfinya, akafumbua mdomo, akatoa kasauti kadogo, akafumba tena. Nikaweka sikio kifuani na moyo ulikuwa unakwenda mbio hata sikuweza kuufuata. Bandeji kwa juu ilikuwa na damu kidogo tu, ya kawaida. Nikaifungua pampas, ikanizidi uzito mkononi, na juu doa lilikuwa dogo. Nikaipasua. Zuhura akaona nilichokiona, na chapati ikamwanguka. “Hii ni ya ngapi?” nilimwuliza. Akasema ya pili. Ya kwanza ilikuwa imejaa mkojo, akaitumbukiza chooni. “Ulijuaje ni mkojo?” nikamwuliza. Nilimwita Salome kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena.

Nataka kusema haki hapa, ingawa inaniuma. Alipokuja hakubishana hata kidogo. Alitazama pampas, akamtazama mtoto, uso wake ukabadilika, halafu mikono yake ikaanza kazi. Alimwekea dripu kwenye mshipa ambao mimi sikuuona kabisa, kwa jaribio moja. Akakandamiza kidonda kwa kidole chake, akachukua kidole changu akakiweka palepale. “Hapa. Usiachie hata akilia. Mpeleke hospitali ya Vwawa, wana damu wale.” Gari la kituo lilikuwa limekwenda na Dokta. Nje kulikuwa na mzee mmoja wa Ivuna aliyeleta chumvi kwa pikapu, amekuja kuchukua dawa za mkewe. Salome hakumwomba, alimwamuru. Tukapanda mbele, mimi na Zuhura na mtoto, magunia ya chumvi nyuma, na mzee yule akatoka nje ya lami akapita pembeni mwa foleni yote ya malori kwenye vumbi, akipiga honi na kuomba msamaha peke yake kwa Kinamwanga. Nilimfunua mtoto kifua ili nione anavyohema. Zuhura alikuwa ananiuliza anapumua, sista, anapumua, na mimi nikijibu anapumua, na kidole changu kikafa ganzi na sikukiachia.

Hospitali walimpokea mara moja, daktari akaufunga kwa uzi mshipa mmoja mdogo uliokuwa unavuja taratibu. Wakasema bila damu hatafika jioni, na damu ya kundi lake haikuwapo. Zuhura alikuwa mzazi mpya, mwenyewe hana damu, wakamkataa. Nikasema nipimeni mimi. Ikafaa. Nililala kitandani, sindano mkononi, naona paa linazunguka kidogo kwa sababu sikuwa nimekula. Hapo ndipo Salome alipoingia, amefuata kwa gari jingine. Alinishika ule mkono mwingine, akanifuta jasho kwa kitenge chake. “Mdogo wangu,” alisema, “leo umekuwa muuguzi. Wewe lala, mengine niachie mimi. Nitayaweka sawa.” Nililia kwa furaha. Akatoka nje, na mimi nikabaki nikihesabu bahati yangu kuwa na mtu kama yule. Mtoto aliongezwa damu kidogo kidogo, na jua lilipokuwa linashuka alifumbua macho akalia mpaka wodi nzima ikageuka. Nimesikia nyimbo nyingi nzuri maishani, na bado nachagua kilio kile.

Kesho yake nilibaki nyumbani kizunguzungu kinanisumbua. Salome aliniletea maini. Alikuwa ameyapika na vitunguu na nyanya, na mchicha pembeni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kunitazama nikila. “Maliza yote, damu irudi,” alisema, na nilipobakiza kipande alikichovya kwenye mchuzi akanipa mwenyewe mdomoni. Aliniambia nilale. Nikajilaza, tumbo limejaa, nasikia wanawe wanacheza uani. Mara nikasikia sauti ya Dokta upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amerudi kutoka Mbeya na habari zimemkuta njiani, na mama mkwe wa Zuhura alishafika kituoni kufanya fujo. Aliuliza ni nani aliyeruhusu pampas. Kijiko kikagonga kikombe. “Ni binti,” Salome akasema. Dokta akauliza nani alifunga upya bandeji. “Huyo huyo. Mimi nilikuwa leba. Ni mtoto mdogo, Dokta, usimkaripie sana, atajifunza.” Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia kama nimekula. Nilikaa kitandani na yale maini tumboni, na sikujigeuza, kwa sababu kitanda kingelia wakanisikia. Nimewaza mno kuhusu ukuta ule. Salome alijua kuliko mtu yeyote kwamba sauti inapita. Labda alidhani nimelala. Labda alitaka nisikie ili nijue la kujibu nikiitwa. Sijui lipi ni baya zaidi, na nimeyachukia yote mawili kwa zamu.

Dokta alituita ofisini mmoja mmoja. Zuhura aliingia kabla yangu, mlango ukafungwa. Alipotoka alinishika bega na kuninong'oneza, “Mungu atakulipa,” akaondoka haraka huku amejifunika mtandio. Nilidhani anashukuru kwa damu. Nilipoingia, nilieleza kila kitu, nepi nyeupe, leo tu kwa sababu ni wewe, leba, kila kitu, na Dokta akanisikiliza mpaka mwisho kwa huruma. Halafu akasema, “Mama wa mtoto mwenyewe ameniambia ni wewe.” “Tusekile,” alisema, “kukubali kosa ni sehemu ya kazi yetu.” Nikamwambia aniitie Salome aseme mbele yangu. Alisema Salome amemwomba asimtese kwa hilo, kwa kuwa ananipenda kama mdogo wake. Nikatoka ofisini. Lile la Mungu atakulipa, ambalo mlangoni lilikuwa tamu, likageuka kejeli, na nimetembea nalo miaka yote kama kejeli. Niliondolewa kituoni, na Tunduma haikuchelewa kunibatiza. Nilikuwa sista pampas. Vijana wa kuvusha mizigo walilitamka jina hilo nikipita, bila ubaya, kama wanavyowaita wengine kipara au mrefu. Nilifunga mizigo yangu mchana Salome akiwa kazini, nikarudi kwetu milimani.

Watu wachache niliowahi kuwaeleza hunijibu swali lilelile, mtoto si alipona? Ndiyo, alipona. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini angekufa watu wangekaa chini wakauliza ilikuwaje, na kwa kuwa alipona hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Furaha ya watu wote ilikaa juu ya jina langu, na nilipojaribu kulichomoa niliambiwa nina roho mbaya. Ajira ilikuja, nikapangiwa Ileje, na sasa ninafundisha wauguzi wanafunzi wodini. Ninawafundisha nepi nyeupe. Ninamwaga chai kwenye pampas mbele yao na wanacheka palepale tulipocheka sisi. Ninasema mwalimu wangu alituambia mtoto aliyetulia muamsheni, na hakuna anayeuliza mwalimu yupi. Watoto kadhaa pale Ibaba, hukohuko Ileje, wanakimbia leo kwa sababu mwanafunzi fulani aligeuza unyayo. Ni kazi ya Salome hiyo, na ninajua, na inanikera kuijua. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Angekuwa mtu mbaya ningemsahau. Hakuwa chochote kati ya hivyo. Alinipenda, na siku alipoogopa alinitoa mimi kwa kuwa nilikuwa karibu na mkono wake. Sikumwona tena akiwa hai. Zuhura ndiye niliyemchukia zaidi, kwa sababu Salome alikuwa na wanawe watatu wa kulisha, lakini yule alikuwa amebeba mtoto mwenye damu yangu mwilini huku akinitaja.

Basi nikiwa pale mkekani na ugali wangu, mwanamke mnene aliyejitanda kanga nyeusi alikuja akapiga magoti mbele yangu kabla sijamtambua. “Dada Tusekile,” alisema. “Ni mimi, Zuhura wa malori.” Alinishika mikono yote miwili, akawa analia na kucheka. Alisema mwanawe yuko Nakonde, anauza vipuri, ana mke na mtoto wa kike, na siku moja ni lazima amlete aniamkie. Alisema amenitafuta miaka. “Sina cha kukulipa, dada yangu. Kila nikiswali nakutaja.” Sikuiondoa mikono yangu, ila sikumshika pia. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimepumzika, kwa nini alimwambia Dokta ni mimi.

Alinitazama bila kuelewa. “Si ulikubali mwenyewe?”

Nikamwuliza nilikubali nini, na lini.

“Siku ile, hospitali. Ulipokuwa ndani unatolewa damu.” Alijifuta pua kwa kanga. “Dada Salome alitoka akakaa nami kwenye benchi. Akasema, ‘Nimeongea na Tusekile, amekubali kulibeba. Tukisema kweli mimi nafukuzwa na wanangu hawali, na wewe mama mkwe akisikia pampas ya kwanza uliitupa mwenyewe anakurudisha Ujiji. Tusekile hana mume, hana mtoto, na ajira ya serikali iko njiani. Amekubali kwa moyo wake. Ila amesema tusimwongeleshe tena jambo hili, linamuumiza.’ Nikasema huyu binti ametoka kwa Mungu. Nilitaka nije nyumbani nikushukuru, akanikataza.” Alinisogelea, kwa kuwa nadhani uso wangu ulishaanza kumwambia. “Ningesema vile bila ridhaa yako, dada? Umetoka kumpa mwanangu damu?”

Ningeweza kumwachia. Alikuwa ameishi vizuri na jambo lile, akiamini kuna mtu duniani aliyempenda kiasi hicho. Nilimwona anasubiri niseme, “Ndiyo, nilisahau tu, utu uzima.” Lakini jina langu lilikuwa limeshatumika vya kutosha bila mimi kuwapo.

“Sikukubali,” nilimwambia. “Sikuulizwa.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Zuhura alikaa chini kabisa, pale pale kwenye nyasi. Alitazama upande wa kaburi, ambako walikuwa wameanza kuwaita watu waweke maua, watoto kwanza, halafu ndugu, halafu wakwe. Mwenye kipaza sauti akasema sasa wauguzi aliowalea marehemu, na akaanza na mimi, jina langu kamili, akiongeza kwamba nimetoka mbali kuja kumuaga mwalimu wangu. Watu wakageuka kutafuta. Akaita mara ya pili. Mama wa kulia kwangu akanigusa goti, akaninyooshea ua lililokuwa limeletwa kwenye beseni.

“Dada, wanakuita wewe.”

“Nimesikia,” nilimjibu, na nikabaki nimekaa.